Ubao Kwanza, Hoja Baadaye

Elimu ya dini ya Sangailu, na ya Ijara kwa jumla, kaskazini mashariki mwa Kenya, hukumu yake hutolewa haraka: watoto wa wafugaji wa Kisomali walikaririshwa Qurani bila kuelezwa maana, na kufasiri maandiko kwa hoja kukaja na shule za kisasa. Anayesema hivyo ameona duksi tu, yaani chuo cha Qurani cha watoto. Huko mtoto aliandika aya ubaoni kwa wino wa makaa, akazihifadhi, akaosha ubao na kuandika nyingine. Hiyo ilikuwa hatua ya kwanza. Aliyetaka kuendelea alijiunga na xer, wanafunzi waliomfuata sheikh mahali hadi mahali wakilishwa na wenyeji, na huko ndiko maana ilikotafutwa: nahau, kisha fikihi, na tafsiri ya Qurani iliyosomwa kwa Kiarabu na kufafanuliwa papo hapo kwa Kisomali.

Ushahidi mzito uko ndani ya vitabu vyenyewe. Nguzo ya fikihi ya Kishafii kwa Wasomali, kama ilivyo Lamu na Zanzibar, ni Minhaj ya Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277. Nawawi hakuandika hukumu kavu. Aliweka istilahi za kupimia nguvu ya kauli: neno moja huonyesha kauli ya Shafii iliyo wazi zaidi kuliko nyingine yake mwenyewe, jingine huonyesha rai iliyo sahihi zaidi kati ya rai za wafuasi wake. Mwanafunzi hawezi kusoma ukurasa wake bila kukumbana na ikhtilafu na kuuliza kwa nini hii imeishinda ile. Huo ni mjadala wa mbinu, hata kama wanaojadili wamekaa chini ya mgunga.

Mtu atapinga akisema kwamba mjadala huo haukutoka nje ya madhehebu moja. Ni kweli, na sioni haja ya kuupamba. Lakini kubishana ndani ya mipaka si kutobishana. Mipaka yenyewe ilikuja kuhojiwa na vijana waliosoma Madina, katika chuo kikuu kilichofunguliwa mwaka 1961, wakitaka dalili ya hadithi itangulie kauli ya imamu. Masheikh wa zamani waliweza kuwajibu kwa sababu nahau na kanuni za kupima rai walikuwa nazo tangu hapo. (Mabishano hayo hayajaisha, na pande zote mbili hupenda kudai yameisha.)

Kasoro ya mfumo ilikuwa kwingine. Wengi waliishia kwenye ubao wakarudi kuchunga ng'ombe, na wasichana karibu wote hawakufika kwenye xer, kwani maisha yale ya kuhamahama yalikuwa ya wavulana. Mbinu ya kufasiri ilikuwepo. Waliofikishwa kwake ndio walikuwa wachache.