Pensheni ya Kujiwekezea na Kitenzi cha Kuihamisha

Mjomba wangu ni fundi umeme. Alitoka Tanga akiwa kijana, akafika Leicester, akajiajiri, na kwa kuwa hakuwa na mwajiri wa kumchangia, akaanza kujiwekea mwenyewe. Leo ana miaka 52 na pauni 160,000 ndani ya kitu ambacho Waingereza hukiita SIPP, wakikitamka kama neno moja: sipi. Jioni moja aliniwekea fomu mezani, kando ya chai ya tangawizi, akasema: “Mpwa, hawa wananikata sana. Nataka nizitoe huku niziweke kule kwenye nafuu. Nitie saini wapi?”

Kalamu ilibaki hewani kwa sababu ya neno “nizitoe”. Katika sheria ya Uingereza, mtu anayetoa fedha za pensheni kabla ya umri uliowekwa, pasipo sababu zinazokubalika kama maradhi mazito, hutozwa kodi inayoweza kufika 55% ya alichotoa. Kwa mjomba hiyo ni pauni 88,000. Umri wenyewe kwa sasa ni miaka 55, na kuanzia tarehe 6 Aprili 2028 utakuwa 57, kwa hiyo yeye bado ana miaka mitano ya kungoja. Lakini akizipeleka fedha zile zile moja kwa moja kutoka pensheni moja hadi nyingine iliyosajiliwa, hadaiwi kodi hata senti. Kitendo hicho ni kuhamisha. Kwa macho ya mjomba vitendo viwili vile vilikuwa kimoja, na ni rahisi kumwelewa: shilingi ukiitoa benki hii ukaiweka benki ile, nani atakuuliza?

Ndiyo maana jina la chombo chenyewe linanihusu sana. Wengi wetu tunaoishi huku tumezoea kusema “pensheni ya kujisimamia”. Jina hilo halinitoshi. Mjomba hasimamii pensheni yake. Kuna kampuni yenye leseni inayoitunza, inayojibu barua za mamlaka ya kodi, inayodai nyongeza ya kodi kwa niaba yake, kiasi kwamba kila pauni 80 anayoweka huingia kama 100. Kilicho mkononi mwa mjomba ni uchaguzi: anunue hisa, hati fungani, au vipande vya mfuko wa uwekezaji. Utaratibu huu ulizaliwa na bajeti ya mwaka 1989 ya Waziri wa Fedha Nigel Lawson, na kiini chake ni hicho tu, kwamba mwenye pensheni aruhusiwe kuchagua pa kuwekeza badala ya kuiachia kampuni ya bima imchagulie kila kitu.

Kwa hiyo mimi husema “pensheni ya kujiwekezea”. Angalia sarufi inavyofanya kazi. “Kujiwekeza” peke yake ingemaanisha mtu anajigeuza yeye mwenyewe kuwa mtaji. Tukiongeza kauli ya kutendea, “kujiwekezea”, mtu anawekeza kwa faida yake mwenyewe, na neno halidai kwamba ameishika fedha mkononi. Kiambishi kimoja kimebeba sheria nzima. Na “pensheni” inabaki palepale mbele kumkumbusha kwamba fedha hii ina umri wake.

Sasa kitenzi. Kuhamisha tunakijua, ila jina litokanalo nacho lina mtego. Mtanzania akisikia “uhamisho” anamwona mwalimu aliyeletewa barua ya kwenda wilaya nyingine, apende asipende. Vivyo hivyo mwaka 2018, mifuko ya pensheni ya Tanzania ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF ilipounganishwa kuwa PSSSF, wanachama walijikuta wamehamishwa bila wao kujaza fomu. Kuhama kwa mjomba ni jambo la hiari tena lenye hatua nyingi, na kwa mchakato wa namna hiyo “uhamishaji” ni bora kuliko “uhamisho”.

Hatua zake zinakwenda kinyume na mazoea. Huendi kwa mtoa huduma wa zamani kuaga. Unafungua akaunti kwa yule mpya, unampa namba ya pensheni ya zamani, naye ndiye anayekwenda kuichukua. Tangu tarehe 30 Novemba 2021 kampuni inayoachwa inapaswa kuchunguza dalili za utapeli kabla ya kuachia fedha. Kukiwa na bendera nyekundu, uhamishaji unazuiwa. Kukiwa na bendera ya njano, mwenye pensheni hutakiwa kwanza kupata mwongozo wa bure kutoka MoneyHelper. Matapeli wanalijua pengo la maneno kuliko sisi. Hawasemi watakuhamishia, wanasema watakutolea pesa yako mapema. Mtu ambaye lugha yake haijatenganisha vitenzi hivyo viwili yuko wazi kama mlango usio na komeo.

Kuna namna mbili za kuhama, na hapa Kiswahili kina maneno mazuri kuliko Kilatini kilichomo kwenye fomu za Kiingereza. Mtu anayehama nyumba anaweza kuuza vyombo vyote akanunua vipya anakokwenda, au akavibeba vyombo kama vilivyo. Pensheni nayo ni hivyo. Ukiuza kila kitu, fedha taslimu ndiyo inayosafiri. Ni haraka zaidi, lakini kwa siku au wiki kadhaa haimo sokoni, na bei zikipanda katika siku hizo utanunua vipande vichache kuliko ulivyouza. Ukibeba vipande kama vilivyo hutoki sokoni, ila inachukua muda mrefu zaidi, na lazima mtoa huduma mpya awe anapokea mfuko ule ule. “Vipande” si neno nililolibuni. Watanzania wamelizoea tangu taasisi ya uwekezaji ya UTT ilipoanza kuuza vipande vya Mfuko wa Umoja mwaka 2005, na sioni sababu ya kutafuta jingine.

Nikarudi kwenye lalamiko lenyewe la mjomba: wananikata. Makato hayo naomba tuyaite ada. “Tozo” tuiachie serikali. Walioguswa na tozo za miamala ya simu Tanzania mwaka 2021 hawahitaji kuelezwa. Ada za pensheni hii ni mbili, na anayeona moja tu hupotea. Ya kwanza ni ya mtunzaji, ya pili ni ya mfuko uliowekeza ndani yake. Hiyo ya pili itakufuata uendako ukibeba vipande vile vile. Ile ya kwanza tuliipigia hesabu nyuma ya bahasha. Mtunzaji wa sasa anachukua 0.45% kwa mwaka, na 0.45% ya pauni 160,000 ni pauni 720. Yule mpya anachukua pauni 15 kwa mwezi bila kujali ukubwa wa akiba, yaani 180 kwa mwaka. Tofauti ni pauni 540 kila mwaka, na kwa miaka mitano hadi afikishe 57 ni pauni 2,700, hata akiba isipokua. Mwenye pauni 20,000 hesabu inamgeukia: 0.45% yake ni pauni 90 tu, akihama atalipa mara mbili.

Hiyo ndiyo sababu ya kuhama wakati huu, akiba ikiwa imeshiba na asilimia inauma, lakini kabla hajaanza kuichota. (Nasema kuchota, kama maji ya mtungini, kwa ule utaratibu wa mstaafu kuchukua kidogo kidogo huku kilichobaki kikiendelea kuwekezwa.) Akiba ikiwa njiani haichoteki, na mtu asiye na kipato kingine asiingie kwenye ngojea hiyo. Nilimuuliza pia kama ana pensheni ya zamani yenye malipo yaliyodhaminiwa. Ikiwa thamani yake inazidi pauni 30,000, sheria inamtaka apate ushauri wa mtaalamu mwenye idhini kabla ya kuihamisha. Hakuwa nayo.

Tukaijaza fomu. Kwenye swali la namna ya kuhama alichagua kubeba vipande kama vilivyo. Wiki saba baadaye simu ikalia nikiwa kwenye basi. “Mpwa,” alisema, “zimehama zote. Zilizobaki kule ni pauni 11, wameniambia zitafuata mwezi ujao.”