Kabla ya kebo kufika Fort Jesus

Kila ikitajwa historia ya intaneti hapa Mombasa, watu huanzia Juni 2009. Ndipo Rais Kibaki alipokuja Fort Jesus kuipokea kebo ya TEAMS, iliyolazwa chini ya bahari kutoka Fujairah, kiasi cha kilomita 5,000. Mwezi uliofuata SEACOM ikawashwa, na 2010 ikafuata EASSy. Hotuba zilitolewa, picha zikapigwa, na tangu hapo hadithi inasimuliwa kwamba kabla ya siku ile palikuwa na giza, na baada yake mwalimu wa chuo akapata kila alichokitaka.

Mimi ni mtengeneza programu, na sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa ya vyuo. Hadithi hiyo siikubali. Wakufunzi na wahadhiri walikuwa wakipata vitu vya kufundishia kwa njia ya mtandao miaka mingi kabla ya kebo, kwa mbinu zilizotumia akili kuliko tunazotumia sasa. Mbinu hizo zilikuwa na jambo moja tulilolipoteza kasi ilipokuja: chuo kilikuwa na nakala yake mkononi.

Hebu turudi nyuma kidogo. Kisiwa hiki hakikungoja 2009 ndipo kiione kebo ya baharini. Ya kwanza ilikuwa ya telegrafu, iliyovutwa kutoka Zanzibar mwaka 1890, na Zanzibar yenyewe ilikuwa imeungwa na Aden tangu 1879. Lakini telegrafu ilikuwa ya serikali na wafanyabiashara wakubwa. Mwalimu wa Mji wa Kale alitegemea meli. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alikuwa msomaji wa jarida la Al-Manar lililotoka Cairo, na mwaka 1930 akaanza kutoa karatasi yake mwenyewe, Sahifa, kisha 1932 Al-Islah, kwa Kiswahili na Kiarabu. Tazama mpangilio ule: maandishi yanaingia kutoka ng'ambo, mwalimu anayasoma, anayapima, kisha anaandika yake kwa lugha ya watu wake na kuyasambaza hapa hapa. Sitaki kumfanya Sheikh kuwa mwanablogu wa kwanza wa Mombasa (ingawa kishawishi kipo!). Nataka tu uuweke akilini mpangilio huo, maana nitaurudia.

Kilomita chache kutoka Mji wa Kale, huko Tudor, ndiko kulikojengwa Mombasa Institute of Muslim Education, kile chuo ambacho wazee bado wanakiita MIOME. Kilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa michango ya Aga Khan, Sultani wa Zanzibar Sayyid Khalifa bin Harub, jamii ya Mabohora na serikali ya kikoloni. Mtoto wa Sheikh Al-Amin, Ali Mazrui, alikuwa karani pale kabla hajaenda Uingereza kusoma na kuwa yule profesa mnayemjua. Mwaka 1966 kikawa Mombasa Technical Institute, 1972 Mombasa Polytechnic, 2007 kikawa chuo kishiriki cha JKUAT, na 2013 kikawa Technical University of Mombasa. Nakitaja kwa sababu ni chuo cha ufundi, na mwalimu wa ufundi ana shida yake: kitabu chake huzeeka upesi. Mwalimu wa historia anaweza kufundisha kwa kitabu cha miaka thelathini iliyopita na hakuna atakayedhurika. Mwalimu wa umeme hawezi.

Sasa tuingie miaka ya 1990. Kenya iliunganishwa kikamilifu na intaneti mwaka 1995, lakini kwa mwalimu wa Mombasa kilichopatikana kwa bei ya kuvumilika kilikuwa barua pepe, si wavuti. Barua pepe ina sifa moja ambayo vijana wa leo hawaijui: haihitaji uwe umeunganishwa muda wote. Unaandika ukiwa umekata laini, unapiga simu kwa modemu, zinatoka, zinaingia, unakata. Watu wakajiuliza, je, wavuti nao hauwezi kuletwa kwa barua pepe? Ukaletwa. ICTP, kituo cha fizikia kule Trieste, Italia, kilichoanzishwa na Abdus Salam mwaka 1964, kilitoa programu iitwayo www4mail. Unatuma barua yenye anwani ya ukurasa unaoutaka, na seva kule Trieste inaufungua kwa niaba yako na kukurudishia ndani ya barua. Mwaka 2001 kituo hicho hicho kikaanzisha huduma ya kuwapelekea wanasayansi wa nchi zenye mtandao dhaifu makala za majarida kwa njia hiyo.

Ukitaka kujua kwa nini hili lilikuwa jambo kubwa, piga hesabu. Modemu ya kilobiti 56 kwa sekunde, ikiwa katika siku yake nzuri kabisa, huchukua dakika kumi na mbili kushusha faili la megabaiti 5. Na siku nzuri ya laini ya simu hapa pwani, kwenye unyevu na chumvi hii, mwenyewe unaijua. Chuo chenye bahati kilikuwa na kilobiti 256 kwa kompyuta zote. Zikiwa arobaini zinatumika kwa pamoja, kila moja inapata kilobiti sita na kitu. Juu ya hayo, njia ya nje ilikuwa ni setelaiti, na setelaiti ile imekaa kilomita 36,000 juu ya ikweta. Swali kupanda na kushuka, jawabu kupanda na kushuka: karibu nusu sekunde inapotea kabla seva haijafanya lolote. Hilo hakuna fundi wa kulitengeneza, ni mwendo wa mwanga.

La kuudhi zaidi ni kwamba hata mazungumzo ya Mkenya na Mkenya yalipita huko huko. Ukiwa na mtoa huduma mmoja na mwenzako wa mtaa wa pili ana mwingine, barua yako ilivuka hadi Marekani au Ulaya, ikalipiwa kwa dola, ikarudi. Watoa huduma wakaamua kujenga kituo cha kubadilishana data Nairobi, KIXP, kikawashwa Novemba 2000. Telkom Kenya, iliyokuwa na ukiritimba wa njia za nje, ikalalamika, na baada ya wiki mbili hivi mdhibiti akaamuru kifungwe! Kilifunguliwa tena Februari 2002, na muda wa data kwenda na kurudi kati ya watoa huduma wa humu nchini ukashuka kutoka zaidi ya sekunde moja hadi chini ya sehemu ya kumi ya sekunde. KENET, mtandao wa vyuo ulioanzishwa 1999, ulikuwa ukipambana na bei hizo hizo za setelaiti. Baadaye KIXP ilipata kituo Mombasa pia.

Wakubwa wa dunia walikuwa na jibu lao. Mwaka 1997 Benki ya Dunia ilianzisha African Virtual University. Mihadhara ilirushwa kwa setelaiti kutoka vyuo vya ng'ambo hadi kwenye kumbi za vyuo vya Afrika, Kenyatta University ikiwa miongoni mwa vya mwanzo, na mwanafunzi mwenye swali alipiga simu au kutuma barua pepe. Mwaka 2002 makao yake yalihamishiwa Nairobi. Sikatai kwamba wako waliofaidika. Lakini mwalimu wa hapa aligeuzwa kuwa msimamizi wa ukumbi, anayewasha projekta na kuhesabu waliohudhuria. Urudishe ule mpangilio wa Sheikh Al-Amin uone nusu iliyokatwa: maandishi yanaingia, basi.

Njia iliyonivutia mimi ni ya watu waliokubali kwamba mtandao haupo na wakaanza kazi kutoka hapo. MIT ilitangaza 2001 kwamba itaweka mafunzo yake hadharani bure, na mwaka uliofuata kozi za kwanza zikatoka. Kisha ikafanya jambo ambalo halikutangazwa sana: vyuo vya Afrika viliruhusiwa kuwa na nakala nzima kwenye diski, ndani ya mtandao wa chuo. Chuo Kikuu cha Iowa kilikuwa na mradi wa WiderNet uliotengeneza eGranary, ghala la mamilioni ya kurasa zilizonakiliwa kwa ruhusa na kutumwa zikiwa ndani ya diski ngumu. Diski inakuja kwa ndege, unaichomeka kwenye seva, na ukurasa unafunguka upesi kuliko anavyoupata mtu wa London. Kwa majarida kulikuwa na HINARI ya Shirika la Afya Duniani tangu Januari 2002 kwa watu wa tiba, na 2003 maktaba za Kenya zikaungana katika KLISC ili zilipie majarida kwa pamoja.

Halafu ikaja Moodle. Toleo la 1.0 lilitoka Agosti 2002, likiwa programu huria. Aliyeiandika, Martin Dougiamas, alikulia jangwani Australia Magharibi akisomeshwa kwa redio, vitabu vikiletwa kwa ndege. Nadhani inaonekana ndani ya kazi yake. Moodle haidhani kwamba mwalimu ni msimamizi wa ukumbi. Inampa darasa tupu na kumwambia, haya, jaza. Na ilikaa vizuri kwenye kompyuta kuukuu yenye Linux, kwenye kona ya maabara, bila kuhitaji kebo yoyote ya baharini.

Nimeziona seva hizo. Katika chuo kimoja cha kisiwani, ambacho sitakitaja, mashine moja ilikuwa na Moodle upande mmoja na kurasa zilizonakiliwa upande mwingine. Wakufunzi walianza kwa kusoma ya MIT, wakanung'unika kwamba mifano haifanani na mitambo ya bandari yetu, kisha mmoja mmoja wakaanza kuandika ya kwao. Mkufunzi wa umeme alipiga picha saketi zilizoungua kwa chumvi, akaandika maelezo chini ya kila picha. Hakuna kitabu cha Uingereza chenye picha zile. Ule mpangilio wa Al-Islah ulikuwa umerudi, wote, nusu zote mbili.

Kebo ikafika. Safari ya data kutoka hapa hadi Fujairah na kurudi ni kama mililisekunde 50, kisha bei zikaanza kushuka, na nani atalalamika? Mimi silalamiki, sitamani kurudi kwenye kuomba ukurasa kwa barua. Lakini mwaka uliofuata mashine ile ya kona ilizimwa. Ya nini, kila kitu kiko nje na kinafunguka. Kilichosahaulika ni kwamba picha za saketi hazikuwa nje. Zilikuwa ndani ya mashine ile tu. Diski ikapanguswa na kupewa ofisi nyingine. Mkufunzi alikuwa amekwisha staafu.

Miaka mitatu tu baadaye, Februari 2012, kebo zilikatika katika Bahari ya Shamu na kuigusa EASSy, na siku chache baadaye meli iliyokuwa ikingoja kuingia bandari ya Mombasa ikatia nanga mahali palipokatazwa na kuikata TEAMS. Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika pamoja, upande wa kusini. Kila mara mtandao wa Afrika Mashariki ulikwenda kwa kuchechemea, na kila mara mwalimu aliyekuwa ameyaweka masomo yake kwenye seva ya ng'ambo alisimama mbele ya darasa akitazama duara likizunguka kwenye skrini. Machi 2020, corona ilipofunga vyuo, KENET iliweza kuwapa wahadhiri madarasa ya video ya BigBlueButton kwenye seva za hapa hapa nchini, kwa sababu seva hizo na watu wa kuziendesha walikuwapo tayari. Vyuo vilivyokuwa na Moodle iliyojaa vilianza kufundisha mapema. Vilivyokuwa na Moodle tupu vilianza kwa kuchapa notisi upya.

Diski ya nakala nayo haijafa. Kiwix, iliyoanza 2007, huiweka Wikipedia nzima ndani ya faili moja, na Kolibri inafanya kazi ya eGranary kwenye kikompyuta cha ukubwa wa kiganja, ikiwamo kule kambi ya Kakuma. Kwa nyinyi mnaofundisha, la karibu zaidi limo ndani ya Moodle yenyewe. Ina sehemu ya kuhifadhi nakala, ambayo hutoa kozi yako yote, notisi, picha, maswali na majaribio, kama faili moja lenye mwisho wa .mbz. Kozi isiyo na video huingia kwenye flashi ya bei ya chakula cha mchana na hubaki nafasi ya nyingine mia. Likichomekwa kwenye Moodle ya chuo kingine linafunguka na kuwa darasa. Lifanyeni mwisho wa kila muhula, na nakala moja mwachie mwenzako wa idara.