Rangi ya Uso Katika Picha

Mwanafunzi wa Mjimwema, Njombe, apigwapo picha ya kitambulisho akiwa na shati jeupe mbele ya ukuta mweupe, mara nyingi shati huonekana barabara, uso ukazama gizani. Wako wadhanio kwamba kosa ni la ngozi. La hasha! Kipimo cha nuru kilichomo katika kamera hukadiria wastani wa vyote vilivyo mbele yake. Weupe ukizidi, hupunguza nuru, na uso ndio uumiao.

Lakini zamani dosari ilikuwamo hata katika filamu yenyewe. Kwa miaka mingi maabara zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke Mzungu, zikaitwa “Shirley”. Mtafiti Lorna Roth wa Kanada alieleza mwaka 2009 kwamba waliosukuma filamu irekebishwe ni watengenezaji wa chokoleti na samani, waliotaka rangi za kahawia zitofautiane. Mbao zilisikilizwa kabla ya watu!

Kamera ya dijitali haifungwi na kadi ile. Mpiga picha ajuaye kazi hupima nuru usoni, humweka mtu karibu na dirisha, na husawazisha rangi kwa karatasi nyeupe iliyoshikwa palepale, wala hamwagii uso weupe kwa kompyuta.