Jina Kwenye Cheti

Msikilizaji, tarehe 28 Aprili 2017 mjini Dodoma Rais John Magufuli alikabidhiwa orodha ya watumishi wa umma 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi. Hapa Singida, kama katika mikoa mingine, siku zile ofisi zilijaa minong'ono. Walioghushi kweli hatuna la kuwatetea. Lakini uhakiki ule ulitukumbusha jambo moja, nalo ni kwamba mbele ya afisa utumishi, cheti ndicho mtu mwenyewe. Jina likipishana herufi mbili na lile la kitambulisho, mwenye cheti anaanza safari za kwa wakili, hati ya kiapo mkononi.

Sasa chukua mtu ambaye tofauti yake si ya herufi mbili. Cheti kinasema Andrew, mwanamume. Aliyesimama mbele ya meza ni mwanamke anayeitwa Audrey. Nani atampa kazi?

Huyo yupo, na habari zake ziliandikwa sana katika magazeti ya jirani zetu Kenya. Ni Audrey Mbugua Ithibu, aliyezaliwa mwaka 1984 na kufanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2001 katika shule ya wavulana ya Kiambu. Akaendelea hadi Chuo Kikuu cha Maseno. Baadaye madaktari wa Hospitali ya Mathari, Nairobi, wakathibitisha kwamba nafsi yake na jinsi aliyoandikiwa tangu kuzaliwa haviafikiani. Akabadili jina kisheria. Alipoliomba Baraza la Mitihani la Kenya limwandikie cheti kwa jina jipya, Baraza likakataa, na mwaka 2013 akalifikisha mahakamani.

Msikilizaji, ningeweza kusimulia habari hizi zote kwa Kiswahili bila kukujulisha kama ninayemtaja ni mume au mke. Alizaliwa, alisoma, alishtaki. Ndivyo ilivyo kwa Kinyaturu na Kinyiramba pia. Mwingereza hawezi, sentensi ya pili tu imeshamlazimisha kuchagua. Lugha zetu ziliacha nafasi hiyo wazi tangu zamani, lakini fomu za serikali tulizozirithi hazikuiacha.

Audrey hakuwa peke yake. Yeye na wenzake walikuwa na chama cha kuelimisha umma na kuwatetea watu wa namna yao, kwa Kiingereza kinajulikana kwa herufi TEA. Kuwa na chama ni jambo moja, kukisajili ni jingine. Bila usajili ni vigumu kufungua akaunti benki, kupangisha ofisi kwa jina la chama, au kupokea msaada wa mtu. Bodi inayosimamia mashirika yasiyo ya kiserikali haikutaka kuwasajili. Wakaenda Mahakama Kuu, na tarehe 23 Julai 2014 Jaji George Odunga akaamuru wasajiliwe. Aliona kwamba Bodi haikuwatendea haki.

Hapa niseme kidogo kuhusu hiyo elimu yenyewe, maana ndiyo kazi ngumu kuliko kesi. Sisi Watanzania tulianza kulisikia neno jinsia kila siku katika miaka ya 1990. Mtandao wa Jinsia, TGNP, ulianzishwa mwaka 1993, na miaka miwili baadaye Mtanzania mwenzetu, Mama Gertrude Mongella, alikuwa Katibu Mkuu wa mkutano wa wanawake wa Beijing. Tukafundishwa kwamba jinsi ni maumbile, na jinsia ni yale ambayo jamii inamtwika mtu kwa sababu ya maumbile hayo: nani achote maji, nani arithi shamba. Wapo waliocheka semina zile. Lakini leo hata mzee wa baraza la kata anajua kusema usawa wa kijinsia. Nadhani bila msingi ule, somo la akina Audrey lisingepata pa kukaa.

Na somo lao linaanza na kutenganisha mambo ambayo mitaani tunayachanganya kwa neno moja, tena la matusi. Kuna huntha, yaani aliyezaliwa na maumbile yasiyo wazi ya kiume au ya kike. Kuna mtu anayependa wa jinsi yake. Na kuna huyu ambaye maumbile yake yalikuwa wazi kwa mkunga, lakini akikua anajijua kuwa ni kinyume cha alichoandikiwa. Ni watu watatu tofauti. Anayewaweka kapu moja hawezi kumsaidia hata mmoja wao.

Habari za huntha ndizo zilizotangulia katika mahakama za Kenya. Richard Muasya, aliyehukumiwa kwa unyang'anyi, alifungwa gereza la wanaume la Kamiti, akawa anavuliwa nguo na kudhihakiwa. Desemba 2010 majaji walimpa fidia ya shilingi 500,000 za Kenya kwa unyama huo, ila walikataa kutambua jinsi ya tatu. Kisha kulikuwa na mtoto ambaye mahakama ilimwita Mtoto A tu. Alizaliwa mwaka 2009, na katika karatasi za hospitali, mahali pa kuandika wa kiume au wa kike, iliwekwa alama ya kuuliza. Mtoto wa siku moja, naye tayari ni swali! Baada ya kesi hizo serikali ilianza kuhesabu, na sensa ya Kenya ya mwaka 2019 iliorodhesha huntha 1,524.

Nisije nikaeleweka kwamba kila mahali mambo yamekwenda hivyo. Uganda, mwanaharakati Victor Mukasa, aliyeandikwa mwanamke naye akaishi kama mwanamume, alivamiwa nyumbani kwake na viongozi wa mtaa mwaka 2005. Desemba 2008 Jaji Stella Arach-Amoko aliamua kwamba haki zake zilivunjwa, akampa fidia ya shilingi milioni 3 za Uganda, na mgeni aliyekamatwa nyumbani humo milioni 10. Lakini SMUG, umoja aliokuwa mmoja wa viongozi wake, haukupata usajili. Machi 2024 Mahakama ya Rufani ya Uganda ilikubaliana na msajili aliyeukatalia. Na hapa kwetu, mwaka 2017 serikali ilizuia huduma za ukimwi katika baadhi ya vituo vilivyowahudumia watu wa makundi haya. Sijaona bado ni nani aliyenufaika kwa hilo kiafya.

Turudi kwa Audrey. Tarehe 7 Oktoba 2014 Jaji Weldon Korir alitoa hukumu. Hakuingia katika mjadala wa dini wala wa mila. Aliangalia kanuni za Baraza lenyewe, akaona zinaruhusu cheti kurekebishwa. Akasema pia kwamba maksi za mtihani hazitolewi kwa kuangalia mtahiniwa ni mume au mke, hivyo alama ya jinsi si ya lazima kwenye cheti. Akaamuru kitolewe kipya kwa jina la Audrey Mbugua Ithibu, kisicho na alama hiyo.

Ukifungua matokeo ya kidato cha nne ya Baraza letu la Mitihani utaikuta safu ya jinsi karibu na namba ya mtahiniwa, F au M. Safu hiyo ina kazi, kwani bila hiyo tusingejua shule gani inawaangusha wasichana. Kwenye cheti cha mtu mmoja anayeomba kazi, Jaji Korir aliitafuta kazi yake hakuiona.