Mhopi: majeraha ya ajali na namna unavyopona

Mhopi (Humulus lupulus) ni mmea wa kudumu wa familia ya Cannabaceae, familia ileile ya bangi, unaopanda kwa kujisokota kwenye kamba, mti au ukuta. Vikoni vya mmea jike vina unga wa njano uitwao lupulini, na ndio unaoipa bia uchungu na harufu yake na kuisaidia isiharibike upesi. Katika nchi za baridi watu wengi hupanda mhopi mmoja au miwili kando ya nyumba, ama kwa ajili ya bia ya kujipikia, ama kwa kivuli tu. Mimea hiyo ya nyumbani hupata ajali nyingi kuliko ya mashambani, maana huishi jirani na watoto, mbwa, ngazi na mashine za kukatia nyasi.

Mhopi hustawi zaidi kati ya nyuzi 35 na 55 za latitudo, kaskazini au kusini mwa ikweta, kwa sababu unahitaji mchana mrefu ili ukue kwanza na mchana unaopungua ili utoe maua. Mchana wa karibu saa 12 mwaka mzima hauufai, na hata huko George, Afrika Kusini, unakolimwa kibiashara, ilibidi watafiti wazalishe aina zinazovumilia mchana mfupi kuliko wa Ulaya.

Sehemu inayokufa na isiyokufa

Anayetaka kujua uzito wa jeraha la mhopi aanzie chini ya udongo. Huko kuna tunguu, yaani shina lililolala kama la tangawizi, lenye macho mengi, na chini yake mizizi inayoweza kushuka mita mbili na zaidi. Tunguu hilo huishi miaka 20 au zaidi. Yanayoonekana juu ni ya msimu mmoja: huchipua mwisho wa baridi, hupanda mita 5 hadi 7, huzaa, kisha hukauka hadi ardhini hata kama hakuna aliyeyagusa.

Kwa hiyo ajali nyingi humpunguzia mwenye mhopi siku za msimu tu, na mmea wenyewe hubaki. Swali la kuuliza mbele ya shina lililokatika ni leo ni tarehe ngapi. Urefu wa kilichokatika hausemi mengi. Shina la mita nne lililokatwa Mei si hasara kubwa kama la mita mbili lililokatwa mwishoni mwa Julai. (Tarehe za makala hii ni za kizio cha kaskazini, kwa kusini ongeza miezi sita.)

Mashine ya nyasi

Ajali iliyo maarufu kuliko zote ni ya mashine ya kukatia nyasi, hasa ile ya uzi wa plastiki unaozunguka. Mtu anasafisha magugu kuzunguka mguu wa mmea, uzi unagusa, na kazi inaendelea bila yeye kujua. Juu hakuna kinachoanguka, kwa kuwa shina la mhopi limejifunga kwenye kamba na vinywele vyake vigumu vilivyopinda kama ndoana, vinavyokwaruza mikono, vimelishikilia. Jioni majani ya juu yamelegea kama mchicha uliosahauliwa juani, na mwenyewe anakimbilia ndoo ya maji. Maji hayasaidii. Kwanza apapase shina kwa vidole kutoka chini kwenda juu hadi apate mkato. Kama ni majira ya kuchipua, huenda akakuta kisiki kinatoa machozi: utomvu mwepesi unaosukumwa na mizizi. Hiyo ni dalili ya uhai chini, na hakuna haja ya kuuziba kwa kitu chochote.

Mkato wa Aprili hauhitaji hata kuitwa ajali. Machipukizi ya kwanza ya mhopi huwa manene, yana uwazi ndani na huvunjika ovyo, na wakulima wa Hallertau huko Bavaria hupita na trekta kila mwaka kuyakata makusudi ili yafuate mengine membamba na yanayolingana. Huko Poperinge nchini Ubelgiji na katika mkoa wa Veneto wa Italia machipukizi hayo huliwa kama mboga, na Mroma Plinio Mzee aliutaja mmea huu miongoni mwa vyakula karibu miaka 2,000 iliyopita. Aliyefyeka machipukizi ya Aprili kwa bahati mbaya ayaokote, ayachemshe kidogo, ayatie siagi, na asubiri mengine.

Mkato wa Mei na mwanzo wa Juni bado una dawa. Macho yaliyolala kwenye tunguu huamka, na katika joto zuri shina jipya laweza kukua sentimita 30 kwa siku. Chagua mawili au matatu yenye afya, yasokote kwenye kamba, ng'oa mengine ili nguvu isigawanyike. Baada ya kilele cha mchana mrefu, karibu tarehe 21 Juni, hesabu hubadilika: mmea huanza kuelekea kwenye maua hata kama haujafika juu, na shina fupi lina matawi machache ya kubeba vikoni. Kuanzia katikati ya Julai, mavuno ya shina lililokatwa yahesabiwe yamepotea. Majani mapya yaachwe yakue tu, kwani kazi yao sasa ni kurudisha chakula kwenye tunguu kabla ya baridi. Hapa ndipo wengi hukosea kwa huruma: wanamwaga mbolea ya naitrojeni ili kufidia, na mmea unatoa majani laini yanayopendwa na vidukari.

Mhopi wa mwaka wa kwanza ni habari nyingine. Tunguu lake halina akiba, na kila mkato unaugharimu. Huo upewe maji, matandazo na utulivu, wala usivunwe.

Ncha na mavunjiko

Ncha ya shina ndiyo inayozuia macho ya pembeni yasichipue. Ikivunjika, kwa upepo au kwa mkono wa mwenyewe wakati wa kulisokota shina kwenye kamba, macho mawili yaliyo kwenye makwapa ya majani yanayoelekeana chini yake huamka. Chagua moja, lielekeze juu, nalo litachukua nafasi ya ncha baada ya wiki moja au mbili za kuchelewa. Kulisokota kufuate mwendo wa mishale ya saa. Ukizungusha kinyume, kesho utalikuta limejifungua na kuning'inia. Kazi hii ifanywe mchana wa jua, mashina yakiwa yamelegea kidogo, kwa maana asubuhi yamejaa maji na hukatika kama bamia mbichi.

Shina lililopinda bila kukatika kabisa lisikatwe haraka. Likishikwa na kijiti upande mmoja na kufungwa kwa kitambaa, utepe uliobaki waweza kupitisha maji ya kutosha kulifikisha kwenye mavuno.

Mvua ya mawe hufanya kazi hii ya kuvunja ncha kwa eneo zima. Mwezi Mei 2009 dhoruba ya mawe ilipiga Hallertau na kuharibu maelfu ya hekta. Ikipiga mwezi huo, msimu bado unaacha nafasi ya matawi mapya kusokotwa upya kwenye waya. Mwezi Agosti nafasi hiyo isingekuwapo.

Dawa na vyombo

Dawa ya magugu iliyopeperushwa na upepo ni hatari kuliko wembe wowote. Ile iitwayo glaifoseti husafiri kutoka kwenye majani hadi kwenye tunguu, na huweza kuonekana majira yanayofuata kama machipukizi membamba ya njano. Majani yaliyorushiwa yaoshwe palepale kwa maji mengi, na shina lililolowa likatwe siku hiyohiyo, kabla dawa haijashuka. Hii ndiyo ajali pekee ambayo mkasi ni tiba yake.

Mkasi wenyewe uwe safi. Mnyauko wa Verticillium, uliogunduliwa kwenye mihopi ya Kent, Uingereza, mwaka 1924, hukaa udongoni na kwenye mabaki ya mashina, na viroidi vinavyodumaza mihopi huhama kutoka mmea hadi mmea kwa utomvu ulioganda kwenye bledi. Anayetembea na mkasi wake kutoka bustani ya rafiki aufute kwanza kwa spiriti. Pia si kila mmea uliodumaa umejeruhiwa: machipukizi mafupi, magumu, yenye majani yaliyokunjamana na ukungu wa kijivu kwa chini ni ugonjwa wa ubwiri unyoya, na hayo yang'olewe yote na kutupwa mbali.

Kipande kilichokatwa

Shina lililoanguka si takataka iwapo bado ni bichi. Likatwe vipande vyenye vifundo viwili kila kimoja, majani ya kifundo cha chini yaondolewe na ya juu yapunguzwe nusu, kisha kifundo cha chini kizikwe kwenye mchanga wenye unyevu ndani ya kopo, kivulini, chini ya mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga. Mizizi hutoka baada ya wiki mbili au tatu. Miche hiyo ni nakala ya mama yake, jike kwa jike, bila kubahatisha kama ilivyo kwa mbegu, ambazo nusu yake huweza kuwa madume yasiyozaa vikoni.