Wanawake Waliodai Kuamshwa Kwanza

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, mwanamke wa Marekani aliyegundua uvimbe kwenye titi aliingia chumba cha upasuaji bila kujua atatoka na hali gani. Alitia saini kabla, akalazwa kwa dawa ya usingizi, kipande cha uvimbe kikapimwa, na kilipoonekana kina saratani daktari aliendelea papo hapo kuondoa titi zima, misuli ya kifua iliyo chini yake na tezi za kwapani. Njia hiyo ya kukata ilienezwa na William Halsted wa Baltimore kwa andiko lake la mwaka 1894. Hakuwa mkatili: wagonjwa wake wengi walifika na uvimbe uliokwisha kuwa mkubwa, naye aliamini kwamba saratani husambaa kwa utaratibu kutoka titini, hivyo anayekata kwa mapana huiwahi. Desturi hiyo ilidumu muda mrefu kuliko ushahidi wake, na historia ya kuanguka kwake inathibitisha jambo moja: tiba ya saratani huboreka pale anayeibeba mwilini anapokuwa na kauli katika kuamua ni swali gani liulizwe.

Elimu ya kutilia shaka njia ya Halsted ilikuwapo mapema. Katika miaka ya 1920, Geoffrey Keynes wa London alikuwa akitibu saratani ya titi kwa radiamu na upasuaji mdogo, na matokeo yake yalikuwa ya kutia moyo. Madaktari wengi wa upasuaji hawakutikisika, kwa kuwa mizani yao ilipima miaka ya kuishi peke yake. Kifua kilichobonyea, mkono uliovimba na bega lisiloinuka vilihesabiwa kuwa gharama ndogo. Aliyeanza kuvipa uzito alikuwa mgonjwa. Terese Lasser, aliyefanyiwa upasuaji huo mwaka 1952, alianza kuwatembelea wanawake wodini akiwafundisha mazoezi ya mkono na kuzungumza nao mambo ambayo hawakuwa na wa kumuuliza. Hata hivyo, msaada wake ulianza baada ya kisu. Uamuzi wenyewe ulibaki mikononi mwa daktari, na mara nyingi mume ndiye aliyepewa habari kwanza, mkewe akiwa bado usingizini.

Rose Kushner, mwandishi wa habari wa Maryland, ndiye aliyeupeleka mjadala kabla ya kisu. Alipougua mwaka 1974 alitaka apimwe, aamshwe, aelezwe, kisha aamue. Madaktari kadhaa walimkatalia. Alisoma majarida ya kitabibu, akaandika kitabu kilichotoka mwaka 1975, na mwaka 1979 aliketi katika jopo la Taasisi za Taifa za Afya akiwa mjumbe pekee asiye mtaalamu wa tiba. Jopo hilo lilipendekeza kipimo kitenganishwe na upasuaji, na likakubali kwamba njia ya Halsted isiwe tena tiba ya kawaida.

Atakuja msomaji aseme kwamba kilichomshinda Halsted ni sayansi, si kelele za wagonjwa. Ni kweli kwamba majaribio ya daktari Bernard Fisher, ambayo matokeo yake ya mwaka 1985 yalionyesha kuwa kuondoa uvimbe na kutumia mionzi kunalinda uhai sawa na kuondoa titi zima, ndiyo yaliyofunga hoja. Lakini majaribio hayo yalihitaji wanawake zaidi ya 1,800 waliokubali kuingia, huku madaktari wengi wakisita hata kuwaeleza wagonjwa wao habari zake. Tena, haki ya kuamshwa kwanza haikusubiri takwimu hizo za Fisher; jopo la Kushner liliipendekeza miaka sita kabla.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mgonjwa na jamaa zake, kwa hofu na upendo, huweza kudai kisichofaa. Katika miaka ya 1990 maelfu ya wanawake walipewa dawa kali kupita kiasi na kupandikizwa uboho. Kampuni za bima zilizokataa kulipia zilishtakiwa. Mwaka 1993 baraza la wazee wa mahakama huko California liliipa familia moja ushindi wa dola milioni 89. Mwaka 1999 majaribio yakaonyesha kwamba tiba hiyo haikuongeza maisha, na yale ya Johannesburg yaliyoisifu yakagunduliwa mwaka uliofuata kuwa ya udanganyifu. Lakini tiba hiyo ilibuniwa na kutangazwa na madaktari, na wagonjwa waliahidiwa kabla ya kudai. Funzo lake ni kwamba sauti ya mgonjwa inahitaji elimu. Muungano wa wanaharakati wa saratani ya titi ulioanzishwa mwaka 1991 ulilitambua hilo: tangu 1995 umekuwa ukiwafundisha wanachama wake kusoma tafiti, na mwaka huohuo wagonjwa walianza kupiga kura katika majopo ya kutathmini maombi ya fedha za utafiti wa saratani ya titi za Wizara ya Ulinzi ya Marekani.

Kwetu Afrika Mashariki, wanawake wengi hufika hospitali saratani ikiwa imeshaenea. Kwa nini walichelewa, nani alishika nauli, nani aliwashauri wasubiri: hayo hayaonekani kwenye darubini, na wanaoyajua ni wao na ndugu waliowasindikiza. Hospitali inayopanga huduma bila kuwaketisha mezani, na bila kuwapa elimu ya kubishana kwa ushahidi, inaacha nje sehemu ya maarifa yake yenyewe.