Somo la Historia: Mjenzi Hupimwa kwa Nyumba Alizomaliza

Fungueni daftari zenu, maana leo tutasoma habari za miji na za wale wanaoijenga.

Wewe unayekaa Mahurunga, ukitaka kujenga nyumba ya miti na udongo humwendei fundi yeyote tu. Kwanza unakwenda kuitazama nyumba aliyomjengea mwenzako. Unauliza: Imepita masika mangapi? Je, fundi alimaliza kazi, ama alikula fedha akatoweka? Elimu hiyo ichukue mpaka mjini. Mpango wa mji unapotazamwa upya, na wajenzi wakaja kuomba ardhi ya kujenga nyumba za watu, maswali ni hayo hayo.

Mji wetu wa Mtwara ni fundisho. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mradi mkubwa wa karanga katika Tanganyika, kwa sababu baada ya vita mafuta ya kupikia yalikuwa haba kwao. Walikusudia kulima mashamba makubwa sana katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kazi ilikabidhiwa kwanza kampuni ya United Africa. Jina lake lilikuwa kubwa katika biashara ya Afrika Magharibi. Lakini kununua na kuuza ni kazi moja. Kufyeka pori na kulilima kwa mashine ni kazi nyingine. Huko Kongwa mvua ilikuwa chache, na wakati wa kiangazi udongo ulikuwa mgumu hata ukaharibu mashine.

Kwa ajili ya karanga za Nachingwea ilichaguliwa Mtwara, kwa kuwa bandari yake ina kina kikubwa. Mji mpya ukapimwa, barabara pana zikachorwa, reli ikatandikwa. Mwanzoni mwa mwaka 1951 mradi uliachwa, na paundi karibu milioni 36 zilikuwa zimekwisha kutumika. Bandari ilifunguliwa mwaka 1954, na zile karanga zilizongojewa hazikuja. Reli nayo ilifungwa mwaka 1962. Kwa miaka mingi mtu wa Mtwara alitoka mtaa mmoja kwenda mwingine akipita kwenye majani matupu. Tusiseme yote yalikuwa hasara, maana bandari ile ndiyo iliyokuja kupakia korosho zetu. Lakini fundisho la kwanza ni hili: sifa ya kazi moja si sifa ya kazi nyingine.

Fundisho la pili latoka Dar es Salaam. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16, ambalo lilikuwa bado likijengwa katikati ya jiji, lilianguka likaua watu 36. Maofisa walieleza kwamba kibali kilikuwa cha ghorofa 10. Basi usiulize tu kama mjenzi ana kibali. Uliza kama anachokijenga ndicho kilichoandikwa katika kibali.

Fundisho la tatu latoka Magomeni, huko huko Dar es Salaam. Wakazi wa Magomeni Kota waliondolewa katika nyumba zao za zamani ili mahali pao pajengwe nyumba mpya. Ilipita karibu miaka 10. Mwaka 2022 ndipo majengo ya ghorofa yalipofunguliwa kwa ajili ya kaya 644. Nyumba zilipatikana, lakini mtoto aliyehama akiwa darasa la kwanza alikuwa amekwisha kuwa kijana. Kwa hiyo, mtu akikuambia uhame, yakupasa kumwuliza: Tutarudi lini? Na siku ikipita, nani atatulipia kodi?

Sasa tazama namna ya kuwapima. Katika kazi hii wamo watu wawili. Mwenye mradi hutafuta ardhi na fedha, mkandarasi hujenga. Uliza habari za wote wawili. Mkandarasi yampasa awe ameandikishwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, na kila mmoja ana daraja lake. Mwenye mradi mwulize ni mitaa gani aliyoimaliza, kisha watumeni wajumbe wakaongee na wanaokaa humo: Je, maji hufika? Je, hati walipewa?

Wala usimhukumu mtu kwa uvumi. Mshindani wake aweza kumsingizia, na rafiki yake aweza kumpamba. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Picha nzuri ya rangi ukutani bado si nyumba.

Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inataka wenye ardhi na wakazi washirikishwe. Kwa hiyo mkutano ukiitwa, nenda. Ahadi ikitolewa, hakikisha imeandikwa katika kumbukumbu za mkutano, kisha uisome mwenyewe. Ndiyo maana unajifunza kusoma: ardhi ikikwisha kutolewa, kuirudisha ni kazi ngumu.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Kwa nini jina kubwa la kampuni halikuuokoa mradi wa karanga?

2. Mwenye mradi na mkandarasi wana tofauti gani?

3. Andika maswali matatu utakayomwuliza mtu anayetaka kujenga nyumba katika ardhi yenu.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.